Turubai Lililoazimwa

Haya nimeyasikia kwa Munira, binti wa Abdirahman mwenye duka la nguo hapa chini ya nyumba yetu, Jumapili iliyopita mchana alipokuja kunisaidia kuchambua maharagwe. Na yale ambayo Munira hakuyaona kwa macho yake, nimeambiwa na Edinah, mtoto wa marehemu dada yangu, ambaye ni nesi katika kituo cha afya huko ndani upande wa Moiben. Nimewauliza wote wawili mpaka wakachoka na mimi.

Munira anafanya kazi na droni. Si zile ndogo za kupiga picha harusi za matajiri wa Elgon View, hapana. Zao ni kubwa, mabawa yake ukiyanyoosha yanajaza mlango. Ofisi iko hapa hapa mjini Eldoret na inahudumia kaunti nne, maana kaunti hizo zilichanga zikanunua pamoja, na zinatumia kwa zamu kama vile boma nne zinavyoweza kuwa na maksai wa kulimia. Leo yuko kwa huyu, kesho kwa yule. Siku moja droni inapeleka damu na chanjo, siku nyingine inawapimia mipaka watu wa ardhi wa serikali, siku nyingine inatafuta mtu aliyepotea msituni, ndiyo maana wameifunga spika ya kuita watu na maikrofoni ya kusikia wakijibu. Lakini rangi ni ile ile na mlio ni ule ule. Wewe uliye chini shambani hujui imekuja kwa kazi gani.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, mavuno yamekolea, na mvua ile isiyo na adabu inakuja kila alasiri. Wewe mwenyewe unajua mahindi na mvua ya mavuno.

Asubuhi kwa Edinah kulikuwa na mama anaitwa Marion. Alijifungua mtoto wa kike, mzima, akalia vizuri. Kondo la nyuma likatoka. Lakini damu haikukoma. Edinah akamchoma sindano, akamkanda tumbo, akainua kitanda upande wa miguu, akafanya yote aliyofundishwa. Damu inakuja tu. Ambulansi ilikuwa imeshuka Eldoret na mgonjwa mwingine, na ile barabara ikinyeshewa hata trekta inaomba Mungu. Edinah akapiga simu ofisi ya droni.

"Munira, nina mama hapa ananiponyoka."

"Anakuponyoka vipi?"

"Damu. Shuka zimeniishia, sasa natumia leso zangu. Nitumie ile damu inayokubali kwa kila mtu. Na uniambie sasa kama haiji, nijue."

"Inakuja."

Munira alisema inakuja kabla hajajua kama inakuja. Droni moja ilikuwa imefunguliwa kwa fundi. Ile nyingine ilikuwa nzima, imeshachajiwa, lakini zamu ilikuwa ya kaunti ya Trans Nzoia. Na sheria yao ni kwamba zamu ya mtu haichukuliwi mpaka mwenyewe aiachilie kwa mdomo wake. Basi akampigia Murunga, yule anayesimamia mambo hayo kule Kitale.

"Murunga, naomba zamu yako."

"Eh! Mmeanza! Mara ile mlisema ni ya kidogo tu, ikarudi imevunjika mguu. Nyinyi watu wa Eldoret hamwazimwi hata kijiko."

"Kuna mama anavuja damu huku Moiben. Amejifungua leo asubuhi."

Munira anasema alisikia watu wakizungumza nyuma ya Murunga, kwa sababu alikuwa na wakulima wamekusanyika uwanjani tangu asubuhi, wanangoja droni ipite juu ya mahindi yao ione viwavi vimefika wapi.

"Ichukue," akasema. "Lakini irudi nzima. Na hawa watu wangu nitawaambia nini? Niwaimbie?"

"Waimbie, Murunga. Una sauti nzuri."

"Toka hapa. Ichukue, haraka."

Damu ikaletwa na pikipiki kutoka hospitali, ikawekwa kwenye sanduku la baridi, sanduku likafungwa tumboni mwa droni, na droni ikapaa. Munira alikaa mbele ya skrini. Nyuma yake alisimama Irungu, mkubwa wao, mtu mrefu anayekunywa chai bila sukari na kutembea na sheria zote kichwani.

Sasa hapa lazima nieleze kitu kimoja, kwa sababu na mimi nilieleweshwa ndipo nikafuata. Droni ile haitui kituoni. Inasimama juu angani, inateremsha sanduku kwa kamba. Zamani ilikuwa inateremsha mahali popote inapoambiwa, mpaka siku moja sanduku likaangukia paa la mtu, kukawa na kelele za wakubwa. Kaunti zote nne zikakubaliana: kila kituo kipewe turubai la rangi ya chungwa lenye msalaba mkubwa mweupe katikati, litandazwe chini, na droni isiachilie sanduku mpaka ione msalaba ule. Isipouona inazunguka karibu karibu kuutafuta. Ikiukosa kabisa, inarudi nyumbani na mzigo wake. Hata Munira hawezi kuilazimisha. Ndivyo walivyoiweka.

Droni ikafika. Munira akaona paa la kituo kwenye skrini, akaona tangi la maji, akaona uwanja wa nyasi. Uwanja ulikuwa mtupu.

"Edinah, tandaza turubai. Iko juu yako."

Hakuna aliyetoka mlangoni.

"Edinah?"

"Ngoja."

Kwenye skrini picha ikaanza kugeuka. Droni ilikuwa imezunguka mara moja juu ya kituo, haikuona kitu, na sasa ilikuwa imeinamisha bawa na kuvuka kijito.

"Inaenda wapi?" Irungu akauliza.

"Sijaituma. Imeona msalaba mahali."

"Msalaba gani ng'ambo ya kijito?"

Munira akashika simu kwa mikono miwili. "Edinah, turubai liko wapi?"

Na Edinah, mtoto wa dada yangu, akasema ukweli. "Nilimwazima Mzee Kimeli. Mahindi yake yalikuwa yanaota kwa unyevu, Munira. Turubai zuri namna ile limekunjwa stoo wiki baada ya wiki, na mahindi ya mtu yanaoza? Alisema angelirudisha Jumatatu."

Mimi simlaumu. Nani angekataa? Huku kwetu wakati wa mavuno hata mlango wa nyumba unang'olewa ukaanikiwe mahindi. Jirani akija kuomba mahali pa kuanika, unampa, halafu ndiyo unauliza anarudisha lini. Lakini Irungu alipiga meza.

"Rudisha hiyo droni."

"Mkubwa, mama anakufa."

"Na ikiangushwa huko shambani, kaunti nne hazina ndege ya damu. Mama wa kesho utamwambia nini?"

"Betri bado inaruhusu isimame kidogo. Nipe hicho kidogo."

Irungu alivuta kiti akaketi, na Munira akalichukua hilo kuwa ndiyo.

Ng'ambo ya kijito, kwa Mzee Kimeli, trekta ilikuwa inanguruma na mashine ya kupukuchua mahindi inatema punje upande huu na magunzi upande ule. Mzee Kimeli mwenyewe hakuwepo, alikuwa amepeleka maziwa. Aliyekuwa anasimamia kazi ni mama yake, Kogo, kama wanavyowaita nyanya zao kule, mama mzee mwenye gambuti za mvua miguuni na sweta la mtoto wake. Mawingu yalikuwa yameshaanza kusimama upande wa bondeni, na Kogo alikuwa anawahimiza vibarua wajaze magunia kabla mvua haijafika. Turubai la chungwa lilikuwa limejaa mahindi, ila kona moja imefagiwa na nusu ya msalaba inaonekana.

Kogo akasikia mlio. Akatazama juu.

Ule mlio aliujua. Mwezi uliopita ulipita juu ya shamba hilo hilo, na wiki iliyofuata watu wa ardhi wakaja na vigingi, wakavipigilia ndani ya mahindi yake, wakasema mpaka uko hapa si pale. Kogo aling'oa kigingi kimoja usiku, hilo analisema mwenyewe bila aibu.

Basi akainama, akachukua gunzi, akairushia ndege.

"Rudi! Umesahau kupima choo?"

Vibarua wakacheka. Kibarua mmoja naye akaokota gunzi akarusha, mwingine akarusha, ikawa mchezo. Munira kwenye skrini aliona vitu vinaruka vikija juu. Kimoja kikagonga, picha ikatikisika yote.

"Wanaipiga!" Irungu akasimama tena. "Munira, irudishe! Irudishe sasa!"

"Edinah, huko kwa Kimeli kuna mtu mwenye simu?"

"Mume wa Marion yuko huko huko! Mulongo, anapukuchua mahindi. Nimempigia tangu asubuhi hapokei. Haisikii kwa sababu ya trekta. Hajui chochote." Kisha sauti ya Edinah ikawa ndogo. "Munira, huyu mama sasa haniitikii nikimwita."

Munira akabonyeza spika. Akaita. Lakini nani angesikia? Trekta inanguruma, mashine inatafuna, watu wanacheka. Akaita tena. Sauti ikamezwa.

Ndipo akafanya kitu ambacho Irungu mpaka leo anakiandikia ripoti. Aliishusha. Si kutua, aliileta chini tu, chini kuliko wanavyoruhusiwa, mpaka upepo wake ukapiga makapi. Makapi yakainuka yote pamoja, kama vumbi la ng'ombe wakitoka zizini. Dereva wa trekta akafumba macho, akapapasa, akazima injini.

Kukawa kimya. Na katika kimya kile droni ikaita jina la mtu.

"Mulongo! Mulongo wa Marion!"

Vibarua wote wakamgeukia Mulongo. Alikuwa amesimama juu ya rundo la mahindi na sepetu mkononi, nyusi nyeupe kwa makapi.

"Wee Mulongo," mmoja akasema, "umefanya nini mpaka unaitwa na serikali kutoka juu?"

Munira akaendelea kwa spika.

"Mulongo, Marion amejifungua. Anavuja damu, ako kituoni na Edinah. Hii ndege imebeba damu yake. Haiwezi kuishusha mpaka ione msalaba wote ulio kwenye hilo turubai. Toeni mahindi juu ya msalaba!"

Mulongo akatupa sepetu. Akapiga magoti akaanza kusukuma mahindi kwa mikono miwili, kama mtu anayechimba aliyefukiwa. Lakini yalikuwa mahindi mengi, na punje kavu zinarudi zenyewe, unasukuma huku zinateleza kule. Pembeni ya turubai ni tope tupu. Vibarua walisimama wakimtazama Kogo, kwa sababu mahindi yale hayakuwa yao. Mahindi yakiingia kwenye tope lile, na mvua inakuja, hayo ni ya kulisha ng'ombe, na pengine hata ng'ombe watayakataa.

Kogo alikuwa bado ameshika gunzi.

"Ni wewe ulileta vigingi?" akaiuliza droni.

Munira anasema hapo alitaka kudanganya. Angeweza kusema hapana, ni nyingine. Skrini ilikuwa inamwonyesha betri, na alama yake imeshageuka nyekundu.

"Ndiyo, Kogo. Ni hii hii. Lakini leo imetumwa na hospitali."

"Na kesho?"

"Kesho sijui itatumwa na nani. Wallahi, Kogo, sijui."

Mama mzee akaitazama ile ndege. Akamtazama Mulongo pale chini, anasukuma mahindi na machozi yanachora mistari kwenye vumbi la uso wake. Akatupa gunzi.

"Mnangoja nini?" akawafokea vibarua. "Mmekuwa miti? Shikeni hiyo pembe ya turubai! Inueni, mwageni!"

"Kogo, kwenye tope?"

"Mwaga! Ni mimi niliyapanda."

Wakashika pembe mbili wakainua. Mahindi yakateremka kwa mlio kama mvua ya mawe juu ya bati, yakaenda yote topeni. Kogo mwenyewe akafagia punje zilizobaki kwa ncha ya sketi yake. Wakalaza turubai tena, wakalinyoosha, msalaba mweupe ukabaki umelala wazi chini ya mawingu.

Droni haikushusha sanduku.

"Kwa nini haishushi?" Irungu akanong'ona. Alikuwa ameshaweka mkono juu ya kiti cha Munira.

"Kuna watu juu ya turubai. Ikiona mtu haiachilii." Munira akabonyeza spika. "Ondokeni! Wote, rudini nyuma! Na wewe Mulongo, rudi nyuma!"

Mulongo hakutaka kurudi nyuma. Alikuwa amenyoosha mikono juu, anasubiri kupokea, kama mtu anayepokea mtoto dirishani. Kogo akamkamata kwa kola ya shati akamburura, na si mwanamke wa mwili mkubwa.

"Rudi, mjinga wewe, unamzuilia mke wako!"

Basi sanduku likateremka kwa kamba, polepole, likizunguka. Likagusa msalaba. Kamba ikaachia.

Mulongo alilichukua akakimbia. Dereva wa trekta alipiga kelele amngoje awashe pikipiki, ila njia ya pikipiki inazunguka mpaka darajani, na kituo kinaonekana pale pale ng'ambo. Mulongo akashuka moja kwa moja kwenye kijito. Maji ya mvua za juzi yalimfika kifuani. Aliweka sanduku kichwani, akalishika kwa mikono miwili, akavuka akitafuta mawe kwa vidole vya miguu. Katikati aliteleza. Vibarua waliobaki juu shambani waliona kichwa kikizama na sanduku likabaki juu ya maji na mikono miwili tu imelishika. Kogo aliita jina la Mungu kwa lugha yake. Halafu kichwa kikatoka tena.

Munira hakuyaona hayo. Ilibidi droni irudi, betri ilikuwa imeisha kabisa. Alikuwa amekaa na simu sikioni, anasikia tu mlango wa kituo na viatu vya Edinah. Kisha akasikia mlango ukipigwa, na sauti ya mwanaume haina pumzi, na Edinah akisema, "Leta hapa. Leta! Usimwangalie yeye, niangalie mimi. Shika huu mfuko juu. Juu zaidi." Halafu simu ikakatika.

Irungu alikwenda kusimama dirishani. Munira alirudisha droni huku akingoja simu, na anasema hajui aliirudisha vipi. Ilitua uwanjani mvua ya kwanza ikianza kudondoka, ubavuni ina ufa kutokana na gunzi. Murunga akapiga kutoka Kitale. Munira akadhani ni ya kuuliza zamu yake.

"Mama vipi?" Murunga akauliza.

"Sijui bado."

"Sawa. Watu wangu wameshaenda nyumbani. Wamesema wataniimbia mimi siku nyingine, na si nyimbo nzuri. Ukijua kitu niambie."

Mvua ilikuwa imenyesha ikaisha ndipo Edinah alipopiga. Munira aliogopa kupokea, Irungu ndiye aliyebonyeza, simu ikiwa mezani kati yao.

"Anaongea," Edinah akasema. "Mfuko wa pili unaingia. Damu imepungua, sasa inachuruzika tu kidogo. Amefungua macho akaniuliza nani amemwaga maji kwenye sakafu."

Irungu akafuta uso kwa kiganja. Kisha akasema kwa sauti ile yake ya ofisi, "Sista, hilo turubai lirudi kituoni leo."

"Litarudi, mkubwa."

"Leo."

"Nimesikia, mkubwa."

Lilirudi jioni hiyo. Kogo alilileta mwenyewe akiwa nyuma ya pikipiki, limeoshwa, limekunjwa. Hakuongea juu ya mahindi. Edinah alimwomba msamaha, Kogo akamwambia hana wakati wa kusimama na msamaha, anataka kumwona mtoto. Alimshika, akamtazama masikio, akamrudisha. Kisha akamwambia Mulongo aje kazini akiwa tayari, asije kesho, na akaenda zake kabla barabara haijawa mbaya zaidi.

Munira bado hajui kama ataachishwa kazi. Watu wa kaunti zote nne wanakaa Jumanne kuzungumza juu ya ile kushuka chini, na Irungu amesema ataeleza yaliyotokea kama yalivyotokea. Hilo linaweza kumsaidia na linaweza kumwangusha. Nilimwambia ale kwanza.

Jioni ile Marion alikunywa uji kidogo, akasema una chumvi, akalala. Mtoto alinyonya akalala kifuani pake. Nesi wa zamu ya jioni alipofika, Edinah alijilaza kwenye benchi ya stoo akiwa na viatu, na kabla hajavuta blanketi alikuwa amelala. Mulongo alibaki ameketi kando ya kitanda. Waliomwambia akapumzike aliwajibu yuko sawa. Alikuwa anatazama blanketi ya Marion ikipanda na kushuka, na kila ikikawia kupanda alikuwa anamgusa mkono, Marion anaguna, naye anatulia. Alimgusa hivyo mara nyingi, mpaka Marion akaamka akamwambia, "Mulongo, niko hapa. Sasa niache." Mulongo akacheka kidogo, pengine kwa mara ya kwanza siku hiyo. Aliweka kichwa pembeni ya godoro, mkono wake ukiwa juu ya mkono wa mkewe, naye akalala.